Namna ya Kulipima Pambano la Futiboli ya Vyuo Vikuu vya Marekani Kabla Halijachezwa

Tarehe 30 Novemba 2024, mjini Columbus katika jimbo la Ohio, timu ya Chuo Kikuu cha Ohio State iliingia katika uwanja wake wa nyumbani ikiwa ya pili kwa ubora nchini Marekani. Ilikuwa imeshinda mechi 10 na kupoteza moja tu, na mbele yake walisimama watani wake wa jadi, Michigan, walioshinda mechi 6 na kupoteza 5. Makampuni ya kubeti yaliipa Ohio State ushindi wa tofauti ya takriban pointi 20. Michigan ikashinda 13 kwa 10. Nilikuwa miongoni mwa waliotabiri kipigo kikubwa kwa wageni, na nilitamka utabiri huo kwa sauti kubwa kazini, jambo lililonigharimu kejeli za wiki nzima. Kilichoniuma zaidi ni kwamba, nilipokaa baadaye na kuzipitia habari zilizokuwa wazi kwa kila mtu tangu siku kumi kabla ya mechi, niliona kwamba dalili zilikuwepo. Hazikusema kwamba Michigan ingeshinda, lakini zilionyesha kwamba pambano lingekuwa gumu mahali fulani mahususi, na mahali hapo nilipapita bila kupatazama.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya msomaji anayeufuata mchezo huu akiwa Marekani au akiwa nyumbani Afrika Mashariki, ambaye anataka kufika siku ya Jumamosi akiwa na hoja yake mwenyewe badala ya kurudia maneno ya watangazaji. Kwa asiyeuzoea mchezo, yatosha kukumbuka haya: kila upande una wachezaji 11 uwanjani, uwanja una urefu wa yadi 100 kati ya mistari miwili ya mwisho, na timu yenye mpira hupewa majaribio manne ya kusonga yadi 10, ikifaulu inapewa mengine manne. Kuuvusha mpira mstari wa mwisho, yaani tachidauni, ni pointi 6, na baada yake hupatikana nafasi ya kuongeza pointi 1 kwa teke au 2 kwa kuuvusha mpira tena. Teke linalopita kati ya nguzo katika mchezo wa kawaida ni pointi 3. Mechi ina robo nne za dakika 15.

Hatua ya kwanza: weka kando namba ya orodha

Kila wiki ya msimu waandishi wa habari za michezo hupiga kura ya shirika la Associated Press, iliyoanza mwaka 1936, na kutoa orodha ya timu 25 bora. Kura hiyo hutuza yaliyokwisha kutendeka: nani ameshinda, nani ameshindwa, na mbele ya nani. Haikuundwa kueleza nani atamshinda nani Jumamosi ijayo. Iliyo dhaifu kuliko zote ni ile inayotoka kabla ya msimu, kwa kuwa wapiga kura wanakuwa hawajaona hata jaribio moja, hivyo huegemea majina makubwa na kumbukumbu za mwaka uliotangulia.

Tarehe 1 Septemba 2007, Michigan iliyokuwa ya tano katika orodha hiyo ilifungwa nyumbani kwake 34 kwa 32 na Appalachian State, timu ya daraja la chini kutoka milima ya North Carolina. Aliyeitazama namba peke yake aliona tano ikicheza na asiye na namba. Aliyechukua dakika kumi kuuliza Appalachian State ni akina nani aligundua kwamba walikuwa mabingwa wa daraja lao kwa miaka miwili mfululizo, yaani kikosi kilichozoea kushinda mechi kubwa.

Hatua ya pili: andika majina ya watakaocheza kweli

Zamani shabiki aliweza kukitambua kikosi cha mwaka huu kwa kukumbuka cha mwaka jana, kwa sababu mchezaji aliyejiunga na chuo aghalabu alimalizia hapo hapo. Hali hiyo imekwisha. Tangu Oktoba 2018 kuna mfumo rasmi wa uhamisho ambao mchezaji huingiza jina lake akitaka kuhama. Mwaka 2021 ikaruhusiwa kuhama mara moja tu na kucheza bila kukaa nje msimu mzima, na kuanzia tarehe 1 Julai mwaka huo huo wachezaji wakaruhusiwa kulipwa kwa matumizi ya majina na sura zao katika matangazo. Matokeo yake ni kwamba timu inaweza kubadilika nusu nzima kati ya Januari na Agosti, huku jezi ikibaki ile ile na kumdanganya anayeitazama.

Mfano wetu wa Columbus unalionyesha hilo vizuri. Kwotabeki, yaani mchezaji anayeongoza mashambulizi na kurusha pasi, wa Ohio State wa mwaka 2024, Will Howard, alitoka Kansas State; mkimbiaji Quinshon Judkins alitoka Ole Miss; mlinzi wa nyuma Caleb Downs na senta Seth McLaughlin walitoka Alabama. Upande wa pili, Michigan ilikuwa bingwa wa taifa wa Januari 2024, lakini kocha wake Jim Harbaugh aliondoka kwenda ligi ya kulipwa, na wachezaji 13 wa kikosi hicho walichaguliwa na timu za ligi hiyo mwaka ule. Aliyesema kwamba bingwa hawezi kudharauliwa alikuwa anazungumzia watu ambao hawakuwepo tena.

Kwa hiyo chukua karatasi, ichore mstari katikati, na uandike kila upande majina 11 ya ushambuliaji na 11 ya ulinzi yaliyoanza mechi iliyopita. Kisha piga mstari juu ya majina ya majeruhi. Kazi hii imekuwa rahisi kidogo kuliko ilivyokuwa, kwa sababu ligi ya Big Ten tangu mwaka 2023 inazitaka timu zake zitangaze wasiokuwepo angalau saa mbili kabla ya mechi, na ligi ya SEC ilianza utaratibu wake wa namna hiyo mwaka 2024. Kabla ya hapo makocha waliweza kumficha majeruhi kama mtu anavyoficha pesa chini ya godoro, na wengine bado hujaribu.

Usihesabu majeruhi kwa idadi. Hesabu kwa nafasi wanazocheza na kwa ubora wa anayeingia badala yao. Michigan iliingia Columbus bila Colston Loveland, mpokeaji wake tegemeo, na bila Will Johnson, mlinzi wake bora wa pembeni, na mashabiki wengi walitangaza matokeo kwa sababu ya majina hayo mawili. Ohio State nayo ilikuwa na majina mawili yaliyofutwa, ila hayo hayakuzungumzwa sana, kwa sababu wenyewe walikuwa watu wasioshika mpira. Hapo ndipo tunapofika kwenye hatua ambayo ningeomba msomaji aitendee haki kuliko zote.

Hatua ya tatu: watazame wazito wa mbele kabla ya mtu mwingine yeyote

Katika kila jaribio wachezaji watano wazito wa timu inayoshambulia huinama mbele ya kwotabeki wao, na wa katikati, senta, ndiye anayempitishia mpira kati ya miguu yake. Hao watano huwa hawatajwi na watangazaji isipokuwa wamekosea, lakini hakuna pasi inayorushwa wala mbio zinazofunguka bila wao. Mlinzi wa ubavu wa kushoto humkinga kwotabeki anayetumia mkono wa kulia upande asiouona, na senta ndiye anayeisoma safu ya ulinzi na kuwapangia wenzake nani amzuie nani.

Ohio State ilimpoteza mlinzi wake wa ubavu wa kushoto, Josh Simmons, kwa jeraha la goti tarehe 12 Oktoba, siku iliyofungwa na Oregon 32 kwa 31. Katikati ya Novemba, siku chache kabla ya mechi na Indiana, senta McLaughlin aliumia mshipa wa kisigino mazoezini na msimu wake ukaishia hapo. Ohio State ikaichapa Indiana 38 kwa 15, na ushindi huo ukafunika kila kitu. Nami nilifunikwa. Mzee mmoja tunayefanya naye kazi ya zamu ya usiku, mzaliwa wa Bukavu aliyekaa Columbus kwa miaka mingi kuliko mimi, alinisikiliza nikijigamba wakati wa mapumziko, akamaliza chai yake, akaniuliza, "Kijana, wale watano wa katikati wamebaki wangapi?" Nikamjibu kwamba watano wapo, maana sheria inataka wawe watano. Akatikisa kichwa na kurudi kwenye mashine yake.

Alichotaka nikitazame ni kwamba upande wa pili, katikati ya ulinzi wa Michigan, walisimama Mason Graham na Kenneth Grant, vijana wawili wazito ambao miezi mitano baadaye wangechaguliwa katika raundi ya kwanza na ligi ya kulipwa, Graham akiwa wa tano na Grant akiwa wa 13. Nguvu kubwa kabisa ya Michigan ilikuwa imesimama mbele ya jeraha bichi kabisa la Ohio State. Siku ya mechi Ohio State ilikimbia na mpira mara 26 na kupata yadi 77 tu, chini kidogo ya yadi 3 kwa kila mbio, na katika kipindi chote cha pili haikupata hata pointi moja.

Namna ya kulipima jambo hili ukiwa nyumbani ni kutafuta marudio ya mechi ya mwisho ya kila timu na kuyatazama majaribio 20 hivi bila kuufuata mpira kwa macho. Ni vigumu mwanzoni, kwa sababu jicho hukimbilia mpira lenyewe, na pengine utalazimika kuweka kidole kwenye kioo cha simu ili ujizuie. Watazame wale watano tu. Sekunde moja baada ya mpira kupitishwa, jiulize vichwa vyao viko upande gani wa mstari ulioanzia jaribio: vikiwa vimesogea mbele, wanasukuma, vikiwa vimerudi nyuma, wanasukumwa. Kisha angalia ni mara ngapi kwotabeki alilazimika kuhama mahali alipokusudia kusimama. Andika idadi hizo mbili kwa kila timu, na utakuwa umejua jambo ambalo jedwali la takwimu halikuambii.

Hatua ya nne: zisome takwimu kwa kuzivua nguo za nje

Takwimu inayotajwa zaidi ni wastani wa pointi kwa mechi, na ndiyo inayopotosha zaidi. Chukua mfano wa kubuni: timu ya kwanza inafunga pointi 36 kwa mechi na ya pili 30. Ya kwanza ikiwa inacheza haraka na kupata zamu 14 za kuushika mpira, hupata pointi 2.6 hivi kwa kila zamu, na ya pili, inayocheza polepole na kupata zamu 10 tu, hupata pointi 3. Bora kati yao ni ya pili. Zikikutana zitagawana zamu karibu sawa, kwa kuwa mpira hubadilishana mikono, na faida ya ile ya kwanza itayeyuka.

Kuna mtego mwingine ambao hata waliozaliwa na mchezo huu huusahau. Katika vyuo vikuu, tofauti na ligi ya kulipwa, kwotabeki akiangushwa nyuma ya mstari kabla hajarusha pasi, yadi alizopoteza hutolewa katika hesabu ya mbio, ingawa timu ilikusudia kurusha. Tuseme jedwali linasema timu ilikimbia mara 30 kwa yadi 120, yaani yadi 4 kila mara, kiwango cha kawaida tu. Ukichunguza unakuta kwamba kwotabeki aliangushwa mara 5 na kupoteza yadi 35. Toa hizo mara 5, urudishe hizo yadi 35, nawe unapata mbio 25 kwa yadi 155, wastani wa yadi 6.2. Timu hiyo ina wakimbiaji wa kutisha na tatizo kubwa la kumkinga kwotabeki, mambo mawili ambayo jedwali lilikuwa limeyachanganya na kuyafanya yaonekane kuwa kitu kimoja cha wastani. Fanya hesabu hiyo kila mara. Hesabu ya mikono inatosha.

Pointi za muda wa nyongeza nazo ziondolewe. Tarehe 24 Novemba 2018 Texas A&M iliishinda LSU 74 kwa 72, na mtu anayesoma matokeo hayo peke yake atadhani safu zote mbili za ulinzi zilikuwa zimelala. Ukweli ni kwamba muda wa kawaida ulimalizika 31 kwa 31, na zilizobaki zilipatikana katika nyongeza saba, ambamo wakati huo kila timu ilianzia yadi 25 tu kutoka mstari wa mwenzake. Ondoa vilevile pointi zilizopatikana katika robo ya nne wakati timu moja ilikuwa imekwishaongoza kwa pointi 30 na kuwaingiza wachezaji wa akiba, na uzipe uzito mdogo mechi za Septemba dhidi ya timu za daraja la chini, ambazo vyuo vikubwa huzialika na kuzilipa ili vipate ushindi mwepesi.

Kinachobaki baada ya kupunguza yote hayo ni yadi kwa kila jaribio, na kiwango cha majaribio yaliyofaulu. Jaribio la kwanza huhesabiwa kuwa limefaulu likipata nusu ya yadi zinazohitajika, la pili likipata asilimia 70 ya zilizobaki, na la tatu au la nne likizipata zote. Mtu mwenye kalamu anaweza kuihesabu mechi nzima kwa njia hii huku akiitazama, na kwa maoni yangu ndiyo takwimu moja inayostahili jasho hilo. Kuhusu mipira iliyodondoshwa, kumbuka kwamba mpira huu una umbo la yai na hudunda upande wowote unaoutaka. Timu iliyobahatika kuiokota karibu yote iliyodondoka tangu msimu uanze isidhaniwe kuwa na kipaji cha kuokota.

Hatua ya tano: kutanisha kila nguvu na udhaifu unaoikabili

Sasa una karatasi mbili za sifa, na kosa la kawaida ni kuzijumlisha na kutangaza yenye sifa nyingi. Timu hazichezi kwa jumla. Andika mikutano minne: mbio za timu A dhidi ya ulinzi wa mbio wa timu B, pasi za A dhidi ya ulinzi wa pasi wa B, kisha kinyume chake. Mbele ya kila mkutano andika nani ana faida na ni kubwa kiasi gani, kwa maneno ya kawaida tu.

Kwa Columbus karatasi ingesomeka hivi. Pasi za Michigan hazikuwa tishio, na kweli siku hiyo kwotabeki wake Davis Warren alifikisha pasi 9 kati ya 16 kwa yadi 62, mbili zikanaswa. Pasi za Ohio State zilikuwa na faida kubwa, kwa kuwa ilikuwa na wapokeaji Jeremiah Smith na Emeka Egbuka, huku Johnson wa Michigan akiwa nje. Mbio za Ohio State kupitia katikati zilikuwa na hasara, kwa sababu tulizozieleza. Mbio za Michigan dhidi ya ulinzi imara wa Ohio State zilikuwa ngumu ila za kung'ang'ania.

Baada ya hapo uliza swali ambalo sikuliuliza: kocha mwenye faida ataitumia? Ohio State ilikuwa na mlango wazi pembeni na ukuta katikati, ikachagua kupiga kichwa ukutani mara kwa mara. Tabia ya kocha husomeka katika mechi zake zilizopita. Timu inayoogopa kudharauliwa kwa nguvu zake mara nyingi hutaka kuthibitisha nguvu hizo pale pale zinapopingwa, na hofu hiyo huwa kubwa zaidi mbele ya mtani aliyekwishakufunga miaka mitatu mfululizo, kama Michigan ilivyokuwa imewafanyia mwaka 2021, 2022 na 2023.

Angalia pia nani ana maslahi ya kuifupisha mechi. Mnyonge hunufaika zamu zikiwa chache, kwa sababu kadiri pande mbili zinavyokutana mara nyingi ndivyo aliye bora anavyopata nafasi ya kuonyesha ubora wake. Timu za vyuo vya kijeshi, hasa Army, zimeijenga mbinu yao yote juu ya hilo: hukimbia na mpira karibu kila jaribio huku saa ikizunguka. Tangu mwaka 2023 saa ya vyuo vikuu haisimami tena kila timu inapokamilisha yadi 10, isipokuwa katika dakika mbili za mwisho za kila nusu, kwa hiyo mbinu hiyo imeongezewa nguvu.

Hatua ya sita: usiwasahau wapiga mateke

Hatua hii ni fupi kwa sababu kazi yake ni ndogo. Tafuta rekodi ya mpiga mateke wa kila timu kwa umbali, si kwa jumla. Umbali wa teke hupatikana kwa kuongeza yadi 17 juu ya mahali jaribio lilipoanzia, hivyo timu iliyokwama yadi 20 kutoka mstari wa mwisho inahitaji teke la yadi 37. Dominic Zvada wa Michigan alifunga teke la yadi 54 katika nusu ya kwanza ya mechi ile, na la yadi 21 lililoipa timu yake ushindi zikiwa zimesalia sekunde 45. Mwenzake wa Ohio State alikosa mateke mawili, yote ya chini ya yadi 40. Pengo la mechi lilikuwa pointi 3.

Hatua ya saba: uwanja, saa na hewa

Desturi ya mashabiki ni kumpa mwenyeji pointi 2 au 3 za bure. Ni kadirio la kuanzia tu, wala viwanja havilingani. Uwanja wa Michigan mjini Ann Arbor huchukua watu 107,601 na wa Ohio State 102,780. Kelele za umati wa namna hiyo huwazuia wachezaji wageni kusikia ishara za kwotabeki wao, wakaanza kabla ya wakati na kurudishwa nyuma yadi 5. Basi angalia kama kwotabeki mgeni amewahi kucheza mbele ya umati wa aina hiyo. Uwanja wa Wyoming mjini Laramie ni mdogo, lakini uko futi 7,220 juu ya usawa wa bahari, takriban mita 2,200, juu kidogo kuliko Eldoret; msomaji anayejua kwa nini wanariadha wa dunia huenda kufanya mazoezi Eldoret hahitaji kuelezwa kwa nini mgeni kutoka pwani huhema robo ya nne.

Safari nazo zimekuwa ndefu. Tangu mwaka 2024 ligi ya Big Ten ina UCLA, USC, Oregon na Washington upande wa Pasifiki na Rutgers upande wa Atlantiki. Timu ya Los Angeles ikipangiwa mechi ya saa sita mchana New Jersey, miili ya wachezaji wake inahesabu saa tatu asubuhi. Kwa anayeitazama mechi hiyo hiyo kutoka Dar es Salaam au Mombasa, itaanza saa moja jioni katika Septemba na Oktoba, na saa mbili usiku baada ya Jumapili ya kwanza ya Novemba, Wamarekani wanaporudisha saa zao nyuma.

Katika hali ya hewa, ogopa upepo kuliko mvua. Mvua humlowesha kila mtu na humsumbua mlinzi anayemkimbilia mpokeaji kama inavyomsumbua mpokeaji mwenyewe; upepo mkali huharibu pasi ndefu na mateke, hivyo humwadhibu anayevitegemea.

Tazama hatimaye kalenda ya timu zote mbili. Timu iliyopumzika wiki nzima hupata muda wa kuponya majeruhi na kuandaa mbinu mpya, na timu kubwa inayocheza na mnyonge wiki moja kabla ya kukutana na mtani wake huwa na nusu ya akili mahali pengine.

Hatua ya nane: linganisha na pengo la makampuni, baada ya kumaliza lako

Mahakama Kuu ya Marekani iliziruhusu majimbo kuhalalisha kubeti michezoni mwezi Mei 2018, na tangu hapo pengo la pointi, yaani tofauti ya ushindi inayotabiriwa na makampuni ya kubeti, hutajwa kila mahali. Silipendekezi kwa ajili ya mkeka. Mikeka mingi niliyoiona ikichanika ilikuwa ya watu wenye uhakika kuliko mimi. Ni kipimo kizuri tu cha mawazo ya umma wenye fedha zao mezani. Ukipewa pengo la pointi 7 na jumla ya pointi 51, jumlisha hizo mbili ugawe kwa mbili upate 29, kisha utoe 7 upate 22: hayo ndiyo matokeo yanayotarajiwa. Sharti ni kulitazama baada ya kuandika lako, maana ukilitazama kwanza kalamu yako itasogea kulifuata bila wewe kujua. Ukikuta tofauti kubwa kati ya lako na lao, rudi kwenye karatasi utafute ni mkutano upi kati ya ile minne unaoileta. Ukiupata na ukaweza kuueleza kwa sentensi moja, shikilia ulichoandika. Usipoupata, huenda ni mapenzi ya timu yako yanayosema.

Hatua ya tisa: andika tarehe, matokeo na sababu, kisha uitunze karatasi

Andika matokeo unayoyatarajia, mahali unapodhani mechi itaamuliwa, na jambo moja ambalo likitokea litakuonyesha kwamba umekosea. Kwa mechi ya Columbus sentensi hiyo ya mwisho ingekuwa: Ohio State ikiendelea kukimbia katikati hadi robo ya tatu, pengo la pointi 20 limekwisha. Mtu mwenye sentensi hiyo mkononi asingeshangaa pale Kalel Mullings wa Michigan, katika jaribio la tatu lenye kuhitaji yadi 6, alipochomoka yadi 27 dakika za mwisho na kuliandaa lile teke la Zvada.

Karatasi usiitupe hata ukiaibika, kwa kuwa mechi inayofuata ya timu ile ile huanzia hapo. Tarehe 21 Desemba 2024 Ohio State iliialika Tennessee katika raundi ya kwanza ya mtoano wa timu 12. Mashabiki wengi walikuwa bado wana hasira na walikwishaikatia tamaa. Mikutano minne ilikuwa haijabadilika sana: katikati palikuwa pamejeruhiwa vile vile, na pembeni Smith na Egbuka walikuwa wazima. Swali lililobaki kuandikwa lilikuwa moja, kama kocha angeupeleka mpira pembeni, na nilimpelekea mzee wa Bukavu karatasi yangu usiku wa kuamkia mechi ikiwa na swali hilo. Robo ya kwanza ilimalizika 21 kwa 0, bao la kwanza likiwa pasi ya yadi 37 kwa Jeremiah Smith.